Kwa Tusajigwe, Kabla ya Jumanne

Barua umeikunja mara nne,
kama hela ya kufunga kwenye pindo la kitenge.
Keti. Sogea motoni. Leo Isongole imeamka na ukungu
hata mlima umetukimbia.
Nitakwambia, kwa kuwa mimi walishanijia.

Usioshe nyumba usiku kucha.
Mimi niliosha. Nikaazima mapazia kwa mke wa mwenyekiti,
Lusekelo nikamvalisha nguo za Krismasi siku ya kazi,
akakaa kwenye stuli kama anasubiri kupigwa picha.
Bi Nyalusi wa ustawi wa jamii akavua mabuti yenye tope,
akauliza: "Leo kuna sherehe?"

Muulize jina. Muulize kitambulisho, kwa adabu, mlangoni.
Akikasirika, nalo andika.
Daftari la hesabu za viazi linatosha, ligeuze nyuma:
tarehe, saa, nani kasema nini.
Muulize wameambiwa nini hasa.
Aliyesema hatamtaja, na wewe usimtafute.
Mimi nilimnunia jirani miezi mitatu,
chumvi yake nikairudisha bila salamu,
kumbe ni nesi wa zahanati,
yule aliyemfunga mtoto bandeji
huku akimpulizia kidonda.

Chai mpe, kama mgeni yeyote.
Bahasha, hapana.

Na mtoto usimpe maneno ya kubeba.
"Sema uliteleza," nilimwambia njiani.
Naye, miaka sita, akawaambia:
"Mama kasema niseme niliteleza."

Wakitaka kuongea naye pembeni, mwache,
waombe tu akae unapomwona.
Karatasi usiisaini kwa sababu umepewa kalamu.
Soma. Usipoelewa, sema sijaelewa,
hata mara tatu, hata wakitazama saa.
Nakala uombe. Tarehe ya kurudi uombe.

Jiko la mkaa lilikuwa ndani, mwezi wa sita,
unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita.
Mtoto alijikwaa, mkono ukaangukia makaa.
Ajali. Ningeisema ilivyokuwa, ingetosha.
Ila walipomvua shati watazame mkono,
waliona mgongo.

Hili sijawahi kukwambia.
Ulikuwa waya wa redio.
Dalali alikuwa kanipunja lumbesa nne,
mtoto akamwaga maziwa,
na mimi nikapiga bei ya viazi
kwenye mwili wa mtu wa miaka sita.

Bi Nyalusi hakupaza sauti. Bora angepaza.
"Na hii?"
Nilitafuta mlima dirishani, nikakuta mapazia ya watu.
Nikasema: "Hii ni mimi."

Wiki sita alikaa kwa dada yangu, Kiwira.
Mimi niliitwa vikao kila Alhamisi,
nikaenda, hata Alhamisi ya lori.
Nenda kila ukiitwa. Hilo liandike kwa herufi kubwa.
Siku ya tatu nilitaka kuwatukana,
siku ya nne nililia,
siku ya tano mwanamke wa Uyole, simjui hata jina,
akanionyesha anavyotoka nje na kuhesabu miche ya kabichi
hasira inapompanda.
Mimi sina kabichi. Nahesabu magunia.

Kwako sijui wataona nini. Sikuulizi.
Labda ni maneno ya watu, labda ni njaa tu,
na njaa si kosa la kufungiwa mlango.
Lakini usiku wa Jumatatu, watoto wakilala,
jiulize wewe kwanza, kabla hujaulizwa.
Jibu lolote utakalopata, ni jepesi kulisema
kuliko kulificha chini ya nguo za Krismasi.

Lusekelo alirudi.
Kikombe cha maziwa anakishika kwa mikono miwili,
anakunywa akinitazama mimi,
siyo kikombe.
Bado.

Haya, ikunjue hiyo barua.
Wamesema Jumanne saa ngapi?