Hatukubisha Hodi

Tulipitia dirishani, mimi na Tornike,
tukiamini sanatoria ile ilikwisha kufa.
Marumaru imepasuka, mtini umeota kwenye bafu
walimoloweka magoti makamanda wa enzi ile.
Nikapiga picha. Ngazi. Nguzo.
Piano iliyong'oka meno.

Ghorofa ya tatu, harufu ya vitunguu ikatusimamisha.

Mlango namba 312 ulikuwa na mkeka wa kufutia miguu
na jozi mbili za viatu, zimejipanga
kama watoto wa shule.
Bibi Nazibrola akachungulia, mwiko mkononi:
"Mmekuja kutazama magofu?"
Tornike akameza mate.

Alitoka Sukhumi na mtoto mgongoni, vita nyuma yake.
Wakamwambia, kaa hapa wiki mbili.
Mtoto yule sasa ana mvi.

Tukavua viatu.
Maharage, mkate wa mahindi,
na dari inayodondosha tone, tone
kwenye ndoo anayoimwaga bila kuitazama.

Tulipoaga akauliza
kama kwenye picha zetu naye yumo.
Nikatafuta. Ngazi. Nguzo.
Kamba yake ya nguo
nilikuwa nimeikwepa kwa makusudi.