Waja Leo

Kosta hii ilibeba wanafunzi miaka tisa.
Viti nimeving'oa, viwili nimeviacha:
kimoja changu, kimoja cha kompyuta.
Jiko la gesi liko pale aliposimama kondakta,
na mvua ikinyesha, harufu ya madaftari
bado haijahama.

Mimi hukagua hesabu za vyama vya wakulima,
Korogwe mpaka Mkinga. Kazi inaponikuta, hulala.
Juma hili nimeegesha Mikanjuni, nyuma ya karakana ya mbao,
kwa idhini ya Bi Mwanjaa, mwenye kiwanja,
na noti mbili zilizokunjwa vizuri.

Ripoti ya kurasa arobaini imekataa kuondoka.
Nikiwa nje, mnara unanisalimia kwa vijiti vinne.
Nikipanda ngazi, vitatu. Nikifunga mlango,
kimoja, nacho roho mkononi.

Fundi Semkiwa alikuja na begi la shule la mwanawe.
Akagonga ubavu wa gari kama mnunuzi wa nazi.
"Mama, umelala ndani ya sufuria, na mfuniko juu.
Mawimbi yanafika, yanabisha hodi, bati haliitikii."

Akapanda. Antena akaifunga kwenye keria,
waya akaupenyeza dirishani palipolegea mpira,
tundu akaliziba kwa kipande cha kandambili.
Ruta akailisha betri ya pili, ile ya sola:
"Ya kwanza usiiguse, ni ya kuwashia gari,
usije ukapata mtandao ukakosa safari."
Kisha yeye juu akiizungusha, mimi ndani nikisoma namba,
kama watu wawili wanaotundika picha ukutani:
"Rudi! Rudi kidogo! Hapo! Aa, umepita!"
Ilipotazama Pongwe, ikatulia.

"Niupe jina gani?"
Nikacheka. Mji wenyewe ulishasema:
waja leo, waondoka leo.
Nywila nikaiandika kwa chaki ndani ya kabati la sukari.

Ripoti ikaondoka saa kumi na dakika sita.
Saa kumi na moja, hodi.

"Mama kasema utuazime mtandao kidogo,
tuone matokeo ya dada."
Utuazime! Kama ungo, kama kinu.
Bibi yangu, kule Maramba, alikuwa akitumwa na kigae
kuomba kaa la moto kwa jirani,
na moto ukigawiwa haupungui.
Bando si moto, mwanangu. Nikikumegea, langu linaliwa,
na mimi nakaa hapa nalitazama likiliwa.
Nikafungua mdomo nimweleze hayo.
Nikausikia mdomo ukitaja nywila.

Baada ya Isha walikuwa kumi na mmoja,
wameegemea ubavu wa Kosta, nyuso za buluu.
Mmoja aliacha sahani ya vitumbua kwenye ngazi,
hakusema ya nini.

Bando la mwezi lilikwisha siku ya nne.
Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.
Vitumbua pia nilivihesabu;
havikukubali kukaa kwenye safu yoyote.

Niliondoka Ijumaa, Handeni wakinisubiri.
Miezi miwili baadaye nilikuwa napita tu,
sina shughuli Mikanjuni, nakata kona ya karakana,
ruta nimesahau kuizima,
na pale kibandani simu zikaanza kulia,
moja, tatu, saba,
kabla mtu hajainua kichwa
kutazama ni gari gani hilo.

Nikapunguza mwendo.