Mzunguko wa Ishirini na Tano

Pete ni ndogo, inakaa juu ya ukucha wa gumba,
njano upande mmoja, kijivu upande wa pili,
uzito wake haupiti punje ya hindi.
Karatasi inasema: mizunguko ishirini na minne.
Waya umelala kifukoni, umejikunja.
Wekundu wake naujua.

Nilizaliwa Katuba, moshi wa bomba kubwa ukipita juu ya nepi zangu.
Baba alimimina shaba miaka thelathini na mmoja,
akarudi na kikohozi chenye ladha ya sarafu,
wala hakuleta hata kipande cha kuzibia sufuria:
langoni walipekua mpaka soksi.
Leo shaba imenirudia kwa posta,
nusu mita, nyembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe,
imepakwa vanishi, imepigwa muhuri,
nami nimeilipia ushuru.
Sicheki. Ninainyoosha.

Mjukuu wangu Mujinga yuko ng'ambo ya meza.
Jina hilo watu wa mbali hulicheka;
kwetu ni la mtoto aliyezaliwa na kitovu shingoni.
Chake kilizunguka mara mbili. Mkunga alihesabu
huku akikifungua, ndiyo maana tuko naye.
Yeye anataja, mimi napitisha.
"Moja," anasema, waya ulipotumbukia tu tunduni.
"Bado. Hatujazunguka kitu."
"Babu, imepita. Ikipita inahesabiwa."
Tukabishana mpaka bukari ikapoa.
Mimi mzee, mimi fundi, kalamu iko sikioni mwangu:
nikaanzia nilipotaka.

Ingiza, vuta, kaza kwa ukucha.
Ingiza, vuta, kaza.
Usibane, vanishi itachubuka kwenye kingo.
Usilegeze, koili itacheza kama jino la mtoto.
Wa tisa. Wa kumi. Mbwa wa jirani. Wa kumi na moja.
Kwenye wa kumi na saba umeme ukakatika,
mtaa mzima ukaguna kwa kinywa kimoja,
na gizani Mujinga akasema, taratibu,
"Kumi na nane,"
kidole chake juu ya waya
kama anayeshika mapigo ya mgonjwa.

Nikamaliza kwa hesabu yangu.
Ncha nikazichoma kwa mshumaa, nikazikwangua mpaka zikang'aa,
chuma cha kulehemu tukakipasha kwenye mbabula,
chumba kikanuka risasi na makaa.

Usiku wa tatu: betri ya pikipiki,
antena kutoka paa letu hadi mpapai wa Mama Kishiko.
Masikioni, mchanga unamwagika.
Nikageuza skrubu kwa kijiti cha mwanzi;
sauti ikapanda, ikapanda,
sahani za kondensa zikaachana kabisa
na kilele hakijafika.
Mujinga ananitazama. Hasemi.
Sindano na kioo cha kukuzia, nikahesabu ndani ya tundu,
siyo nje, ndani:
ishirini na tano.

Kuna kazi chache ngumu kama kufungua ulichokaza mbele ya mtoto.
Nikafungua kimoja. Nikakata, nikalehemu upya.

Mchanga ukajaa mpaka ukingoni, skrubu ikapata mahali pake,
na ndani ya mchanga, mbali,
taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa:
mtu anaita yeyote.
Siyo mimi hasa. Yeyote.
Kifaa hiki kinasikia tu, hakijibu.
Hata hivyo nilivua kofia.

Asubuhi nikakitafuta kile kipande mezani, kifupi kuliko kiberiti.
Kimefungwa kwenye ncha ya msuko wake, juu ya sikio.
"Cha nini hicho?"
Alikuwa anapuliza mbabula, majivu kwenye nyusi.
"Imepita," akasema,
akaniomba nimsogezee sufuria.