Mdaiwa wa Tatu

Pindo la joho la wakili wa bima limeachia,
upande wa kushoto, amelishikiza kwa pini ya karatasi.
Naliona hilo kabla sijalisikia swali.
"Ulivuka kwenye pundamilia, ama hukuvuka?"

Mheshimiwa, pundamilia alikuwa amefutika.
Masika ilimlamba, tairi zikammaliza,
yakabaki madoa mawili karibu na mtaro.
Nilikanyaga la kwanza.
La pili sikulifikia.

"Jibu ndiyo au hapana."

Mimi ni fundi cherehani.
Mguu wa kulia ndio ulionisomeshea Ndeshi
mpaka kidato cha nne.
Sasa nimeufundisha wa kushoto, uzeeni.
Wateja hawasemi kitu,
ila naziona sketi za shule zikipita,
marinda yamelala upande mmoja,
kama nayo yanachechemea.

Teksi ilitokea mnara wa saa.
Nilikuwa na zipu dazeni nne na mfuko wa vifungo.
Vifungo vikasambaa juu ya lami yote ya Moshi,
watoto wakaviokota
kabla ya yeyote kuniokota mimi.
Hospitali wakaniuliza fomu ya polisi
kabla ya kuniuliza jina.

Wiki ya tatu Nderingo, dereva, akaja wodini na shangazi yake,
mkononi kijiti cha isale, jani limefungwa fundo.
Mheshimiwa ni mtu wa Tabora, hivyo naeleza:
kwetu isale halikataliwi.
Ukiletewa ukalikataa, kosa linahamia kwako.
Nikalipokea. Nililia kidogo,
yeye akalia hadi nesi akamtoa.

Wakili wangu, dada Mlaki, akafurahi:
"Huku ni kukiri kosa! Tutalitoa kama kielelezo."
Wakili wa bima aliposikia, akafurahi naye:
"Kumbe ameshasamehe. Fidia ya nini tena?"
Kijiti kimoja, wasomi wawili,
kila mmoja anakivutia kwake
kama shuka la mtumba Kiboriloni.

Sikukitoa.
Nilikichomeka kwenye kopo la rangi, mlangoni kwangu.

Kesi ikatajwa Machi; isale likachipua.
Mei hakimu yuko semina.
Agosti jalada halionekani.
Novemba jalada likaonekana,
shahidi ndiye hakuonekana.
Mvua mbili baadaye isale limenifika gotini,
palepale daktari alipokaza skrubu saba.

Sasa swali lako, msomi, nalijibu.

Mdaiwa wa kwanza nimemsamehe.
Aliuza simu yake nikanunuliwa dawa.
Mdaiwa wa pili, mwenye gari,
yeye namwachia Mungu, na mkewe.
Lakini mdaiwa wa tatu ni kampuni.
Haina shangazi.
Haina mkono wa kushikia isale,
wala haijui njia ya kuja kwangu.
Nitaisamehe kwa mlango upi?
Kwa hiyo kwake sikuja na moyo.
Nimekuja na risiti,
ziko hapa, nimezishona pembeni zisipotee.

Hakimu aliandika muda mrefu.
Akatazama saa. Hukumu, akasema,
tarehe kumi na nne, mwezi wa pili.

Koridoni nikamwita yule wa pini:
"Baba, lete hilo joho nikupindie. Elfu mbili tu."
Akacheka, akadhani namtania.
Mimi nilikuwa naitaka hiyo elfu mbili.

Nje, pundamilia amepakwa upya,
mweupe hata anaumiza macho.
Nikatanguliza gongo.
Gari la kwanza likapita.
La pili likapita.
La tatu lilipiga honi, likatukana,
lakini lilisimama.