Mgao wa Juu

Saa moja na robo asubuhi, hospitali ya Ibra,
Bi Shinuna amekunja mkono wa baibui
mpaka juu ya kiwiko, uso ameupeleka ukutani.
"Toboa haraka, mwanangu. Sijanywa hata kahawa."

Nikafunga mpira. Nikapapasa.
Pale pale mkunjoni, mshipa mnene,
umelala juu juu, haukujificha,
wa kumshukuru Mungu;
maana kwa wazee siku nyingine robo saa nzima natafuta
na mishipa imejibanza kama wadaiwa.

Pamba. Spiriti. Sindano imeshavuliwa kofia.
Kidole changu cha shahada, sijui kwa nini,
kikarudi kubisha hodi.

Mshipa ukaitika.

Vena haiitiki.
Vena ni maji yanayorudi nyumbani, yamechoka, hayana haraka.
Kinachopwita kimetoka moyoni sasa hivi
na bado kina safari.
Nikafungua mpira. Jasho likanishuka mgongoni
na kiyoyozi kinanguruma.

Daktari Muhanna akaja na mashine ya mawimbi,
akapaka jeli, akapanda na kifaa polepole
toka kiwiko hadi kwapani.
"Tazama. Kitabuni ateri ya mkono ni moja,
hushuka nzima, ikagawana chini ya kiwiko:
tawi la upande wa dole gumba, tawi la upande wa kidole kidogo.
Huyu imegawana huku juu, karibu na kwapa.
Na tawi hili halikukaa ndani na mwenziwe.
Limetambaa chini ya ngozi tu."
Kwenye kioo, vitone viwili vyeusi
vikipwita pamoja, bega kwa bega.

Bi Shinuna Kiarabu chote alikisikia.
Jibu akanipa mimi, kwa Kiswahili cha Wete:
"Falaji nyingine hugawiwa msikitini, mbele ya macho ya watu.
Nyingine hugawiwa huko juu mlimani;
ukiamka maji yashapita njia mbili
na hujui nani kakata."

Akanyamaza. Nikadhani yamekwisha.

"Mamaangu alipigwa sindano, Wete, nami ni mtoto.
Hapa hapa, mkunjoni.
Mkono ukawaka. Vidole vikawa vyeupe, kisha buluu,
kisha vyeusi kama mwiko uliosahauliwa motoni.
Vitatu vikakatwa.
Watu wakasema husuda. Wakamtaja jirani kwa jina.
Jirani naye akaapa juu ya msahafu, hawakumsikia.
Tumehamia huku wote, wao Samail, sisi hapa,
na mpaka leo harusi hatualikani."

Akautazama mkono wake
kana kwamba umeletwa na mtu mwingine.
"Kumbe."

Sikusema ndiyo. Sikusema siyo.
Mkono wa marehemu haupigwi picha.

Damu niliichukua mgongoni mwa kiganja,
kwa sindano ya watoto, chupa tatu, ya tatu haikujaa.
Kwenye faili nikaandika kwa wino mwekundu: HAPA USICHOME.
Kisha nikamchorea kwenye ngozi
mstari, kutoka karibu na kwapa hadi mkunjoni,
njia yote ya ule mshipa.
"Wino huu hauzuii udhu?"
"Hauzuii, bibi. Ni rangi tu."
"Basi nichoree na wa kushoto."

Wa kushoto ulikuwa wa kitabuni.
Niliukagua mara mbili kwa kuwa alikataa kuamini,
na nilipomwambia ni wa kawaida
alishusha mkono wa baibui kwa kuvunjika moyo kidogo,
kama aliyerudishiwa noti ya bandia.

Saa ya chai nilikunja mkono wangu mwenyewe,
nikapapasa. Kimya. Vena, kama ilivyo chatini.

Nje ya mlango wa kioo, kwenye benchi la kungojea gari,
Bi Shinuna ameshika simu kwa mkono uliochorwa,
anapiga kelele kama wafanyavyo wazee, kana kwamba
Samail ni ng'ambo ya bahari:

"Zeyana? Usikate.
Mimi Shinuna. Ndiyo, huyo huyo, wa Wete.
Usikate, nakwambia.
Ni habari ya vidole vya mama."