Nukta ya Dokta Hrynkiw

Mashine ya faksi waliitoa Jumanne,
wakaiviringisha kwenye blanketi la farasi
wakaipakia garini kama mgonjwa asiye na ndugu.
Pale ilipokaa miaka kumi na tisa
zulia limebaki jipya, la buluu,
na sisi sote hulikwepa tukipita.

Fundi alitoka Regina, Parvinder jina lake,
theluji ingali ndevuni.
"Sasa vyote vitaingia kwenye baruapepe," alisema.
"Faksi itakuja kama picha. Ujumbe wa sauti
utakuja kama faili, na maandishi yake chini."
Maxine akapiga makofi: hakuna tena wino vidoleni.
Mimi nikauliza, karatasi sasa zikwame wapi?
Hakucheka. Aliniandikia nywila
kwenye kibandiko cha manjano.

Nje baridi ilikuwa thelathini na nne chini ya sifuri.
Ndani ya duka la dawa, kisanduku kilifurika:
maagizo ya kliniki, tangazo la likizo ya Meksiko,
mtu aliyesahau kukata simu,
dakika nne za mbwa na televisheni,
na chini yake mtambo umeandika kwa adabu:
Hakuna maneno yaliyotambuliwa.

Bibi Stefka Danyliuk alitaka mafuta ya kifua.
Mtambo ukaandika: mafuta ya kifaru.
Tulicheka hadi Maxine akashika kaunta,
kisha tukamfungia ya kifua.

Sasa sikiliza habari ya doa.
Kioo cha faksi ya Dokta Hrynkiw, kule kliniki ya kusini,
kilikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya haradali.
Kila ukurasa lilikuja nalo, juu kushoto.
Nililizoea kama unavyozoea baka
kwenye shavu la jirani.
Picha mpya zilikuja safi. Doa halipo.
Mtambo husafisha, alisema Parvinder, hufuta chembechembe.
Nikafurahi, siku tatu hivi.

Afagiaye gizani hufagia na pete.

Ijumaa, saa kumi na dakika kumi, jua limeshazama nusu
nyuma ya maghala ya nafaka,
agizo likaingia. Bibi Stefka. Viungo.
Mara moja kwa juma: 25.

Ishirini na tano si dozi ya wazimu.
Wapo wanaoimeza na kwenda kulima.
Hilo ndilo lililonishika mkono.
Bibi Stefka ana kilo arobaini na nne
akiwa amevaa koti.

Dokta ni mtu wa zamani, akituma faksi hupiga na simu.
Nikatafuta. Ujumbe upo, chini ya Meksiko.
Maandishi yalisema: mbili nuka tano.
Mbili nuka tano!
Nikavaa visikilizio, nikabonyeza.

Upepo kwanza. Kisha kikohozi. Kisha yeye:
"Mbili. Nukta. Tano.
Lorna, nimesema nukta."
Alilitamka kama anayepigilia msumari
kwenye mbao iliyoganda.

Nikampigia nihakikishe. Kikapokea kisanduku cha sauti.
Nikaacha ujumbe, nikijiuliza
mtambo wa kwake utaniandika vipi.
Saa moja usiku akapiga, yumo garini, barabarani.
"Ndiyo, nukta," akasema. "Ulidhani nini?"

Jumatatu Parvinder alizima kile kisafishaji
akiwa hukohuko Regina, kwa vibonyezo viwili.
Ukurasa wa kwanza uliofika
ulikuwa na doa, juu kushoto.
Nilitaka kulikaribisha kiti.

Bibi Stefka alikuja mwenyewe na kigari chake cha kutembelea,
viatu vikiacha maji kwenye zulia,
hata pale pa buluu.
Akakitikisa kichupa sikioni.
"Mbona vidogo hivi?"
Ndivyo vilivyo, nikamwambia.
Akalipa kwa sarafu, akalalamikia bei,
akaulizia habari ya kifaru.
Maxine alikuwa amemsimulia.