Kalamu ya Lari Tisa

Lari tisa tu, sokoni Kutaisi,
na muuzaji akasema mapema: hairudishwi.
Inanuka kama kiatu kipya kilichonyeshewa.

Mwanzo iligoma. Lamara akaiosha kwa sabuni ya vyombo,
akaijaza wino wa zambarau, akajaribu jina la mumewe:
ikakwaruza, ikatema doa juu ya risiti ya gesi.

Akaikandamiza kidogo.
Ncha ikaachama kama mdomo wa kinda,
mstari ukanenepa,
ukakonda tena.

Herufi za Kijojia, zote matumbo na mikia!
Miaka thelathini akiandika majina ya dawa kwa biki,
hakujua mwandiko wake una kiuno.

Vidole zambarau. Risiti haisomeki.
Anarudia: Otari. Otari,
aliyehamia Batumi bila kuaga.
Anakandamiza mpaka karatasi inatoboka.